Nishikie, Narudi Sasa Hivi

Kabla hujaniambia ni jua, wacha nikuambie kwamba nilikuwa na kofia. Kofia pana ya majani, na chupa ya maji ambayo nilikuwa nimeshakunywa zaidi ya nusu. Pombe sinywi. Dawa ninayomeza ni ya presha peke yake, na nimeimeza miaka mingi bila kuona mtu asiyekuwepo. Maswali yako yote nimejiuliza kabla yako, tena kwa ukali kuliko utakavyoniuliza wewe. Kwa hivyo niache kwanza niseme mambo yalivyokwenda, halafu uamue.

Mimi si mtu wa kusoma sana. Nyumbani Kenya nilifika darasa la nane, na huku Minnesota nikafanya kozi fupi ya kuhudumia wazee. Jioni nikitoka kazini huwa naandika mistari michache, nani amekula vizuri, nani amelia, theluji imeanguka kiasi gani. Mazoea tu. Lakini kisa hiki nimekiandika na kukichana tena na tena, kwa sababu kila nikifika katikati hasira inanipanda na mkono unaanza kutia chumvi. Hapa sijatia. Pale ambapo sina hakika, nitakuambia sina hakika.

Lazima kwanza ujue kitu kuhusu kazi yetu. Nakaa Columbia Heights, na nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights. Ukishampokea mzee, ni wako mpaka mtu mwingine aje akupokee zamu. Hata kama saa zako zimeisha, hata kama mtoto wako anakungoja kwenye baridi mlangoni mwa shule, huwezi kuondoka. Ukiondoka unaitwa umemtelekeza mgonjwa, na cheti chako cha kazi kinaenda. Sikatai, sheria hiyo ina maana. Mzee akiachwa peke yake anaweza kuanguka akavunjika nyonga. Lakini ni nani husahau kutuma mtu wa kutupokea? Si sisi. Na ni nani hubaki? Nenda uangalie mwenyewe, sura za wanaobaki utazijua.

Halafu kuna lile neno letu. Mzee akikushika mkono asitake uende, tunafundishana neno moja: "Narudi sasa hivi." Wote husema. Wakenya, Waliberia, Wafilipino, hata manesi wenye digrii. Unalisema kwa sauti tamu, mzee anaachia, unaondoka, na hurudi tena. Baada ya dakika kidogo ameshasahau. Ndivyo tulivyokuwa tunajiambia.

Sasa basi. Binti yangu, ambaye ni nesi, alinilipia safari ya meli ya utalii. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba sitaki, nitakaa ndani ya maji kufanya nini? Akanijibu kwa Kiingereza chake cha Minnesota kwamba sijawahi kupumzika tangu amezaliwa na kwamba tiketi hairudishwi. Nikaenda na Mama Kevo, rafiki yangu anayekaa Hopkins. Mama Kevo ni mjane, mcheshi, mtu wa sauti kubwa, na ndiye aliyenionyesha njia ya basi la kwanza nililopanda nchi hii. Nataka umjue hivyo, kwa sababu ya yale niliyomwambia baadaye.

Asubuhi ya siku ile tulikuwa kwenye chai ndani ya meli. Nimevaa gauni langu jipya la maua. Bwana mmoja mzungu wa kofia ya wavuvi akaniinulia kikombe, bila neno, namna unavyomwinulia mhudumu. Na mimi nilifanya nini? Niamini, nilisimama nikachukua birika, nikamtilia kahawa! Mikono ilikwenda yenyewe.

Mama Kevo alicheka mpaka akashika meza. "Wee mama! Hata kwa likizo umeingia zamu? Basi na mimi niletee, na usisahau maziwa!"

Yule bwana akagundua, uso ukawa kama nyanya, akaomba msamaha zaidi ya mara moja. Lazima niseme hivyo, aliomba kwa heshima. Na tuseme ukweli, ningekuwa mimi ningeweza kukosea vilevile, kwa sababu ukituondoa sisi wawili, kila aliyekuwa na rangi yangu ndani ya chumba kile alikuwa amebeba sinia. Lakini nilishuka kwenye meli kifua kimejaa. Sikumkasirikia yeye. Niliikasirikia mikono yangu.

Mji wenyewe ulikuwa San Juan, kisiwani, wanakosema Kihispania, sehemu ya zamani. Ni pazuri, sitadanganya. Nyumba za rangi ya embe na waridi, roshani zenye maua, barabara nyembamba zilizotandikwa mawe ya buluu yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Kijana wa kutembeza watalii alisema mawe yale yaliletwa kwenye matumbo ya meli. Na ukuta! Ukuta mnene kuliko chumba changu cha kulala, unazunguka mji na kuitazama bahari. Kila mtu aliupiga picha. Mimi nilibaki nauangalia, nikijiuliza ni nani alibeba. Jiwe moja moja, kwenye jua lile. Kijana hakusema, na hakuna aliyeuliza. Nami sikuuliza, kwa hivyo siwezi kumlaumu peke yake.

Mama Kevo alitaka kununua vile visumaku vya kubandika kwenye friji.

"Mimi nimechoka kuangalia kokoto," akasema. "Utanikuta na mifuko."

Tukakubaliana tukutane kwenye kibaraza kimoja juu ya ukuta, chenye miti ya kivuli na benchi za mawe, upande unaotazama mlango wa ghuba ambako meli hupita zikitoka. Nikatangulia huko. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosini. Watu husema vitu hivi hutembea usiku. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo.

Paka walikuwa wamelala chini ya benchi. Nakumbuka hilo kwa sababu waliinuka wote pamoja, wakaondoka bila haraka, kama watu wanaotoka kanisani.

Ndipo nikawaona wanawake wawili wakija. Mmoja alikuwa bibi mzee sana, mweupe, amevaa nguo nyeusi ya hariri mpaka chini, glavu za lesi, na pete juu ya glavu. Aliyemshikilia alikuwa mwanamke mweusi wa rika langu, kitambaa cheupe kichwani, sketi nzito, miguu mitupu. Miguu mitupu juu ya mawe yale! Mimi na viatu vyangu vya kazini nilikuwa nasikia moto unapanda. Nikafikiri ni waigizaji. Miji ya watalii huwa nao, wamevaa nguo za kale ili upige nao picha. Hata niliangalia kama kuna kikapu cha sarafu.

Lakini nilivyoona anavyomshika, nikajua huyu haigizi. Mkono mmoja chini ya kwapa, mwingine nyuma ya kiuno, hatua yake imefuata hatua ya mzee. Hicho huwezi kukiigiza. Na uso wake niliujua vilevile. Ni ule uso wa asubuhi, wa mtu aliyefanya zamu mbili na hajaambiwa kama kuna ya tatu.

Alinitazama. Akaitazama mikono yangu, si uso. Kisha akasema, "Mwenzangu, nishikie kidogo. Narudi sasa hivi."

Ukiniuliza alisema kwa lugha gani, hapa ndipo nasema sina hakika. Kiingereza hakikuwa. Kihispania sikijui. Kiswahili chetu nacho sidhani. Nilielewa tu, kama unavyomwelewa mtu wa kwenu kabla hajamaliza sentensi.

Na mikono yangu ikaenda yenyewe, kama ilivyoenda kwenye birika. Mkono wangu ukapita chini ya wake, ukabeba uzito, ndipo yeye akautoa wake. Ndivyo tunavyopokezana sisi. Hata ripoti alinipa, kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

"Amekula kidogo. Mguu wa kulia usiuamini. Na akikuita jina lisilo lako, itika."

Akaondoka. Alitembea polepole mpaka pembe ya ukuta, ule mwendo wetu wa kutoka chumbani bila kumwamsha mgonjwa. Halafu akainua sketi kwa mikono yote miwili akakimbia. Kuna njia ya mteremko pale inayoelekea kwenye lango la ukuta, na lango linatokea kwenye maji. Alikimbia kuelekea huko kama mtoto aliyesikia kengele ya kufunga shule. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Mpaka leo nikiukumbuka mgongo wake nataka kulia.

Nikabaki na bibi. Alinukia kafuri na maua yaliyokaa kwenye maji siku nyingi. Mwanzoni alikuwa mwepesi, kama kubeba koti. Akaniita jina. Jina la huko, sikulishika vizuri, na mimi nikaitika, "Naam." Kwa nini nisiitike? Kazini kuna bibi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, na tumefundishwa tusimbishie. Nikaitika, na mkono wake ukakaza. Akaita tena, nikaitika tena, na uzito ukaongezeka. Akataka twende mpaka ukingo wa ukuta, tukaenda. Akataka turudi benchi, tukarudi. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Nilijaribu kumkalisha. Alikaa, lakini vidole havikuachia. Nikajaribu tunavyofanya kwa wazee wanaong'ang'ania: huvuti, unausugua mgongo wa mkono taratibu mpaka vidole vifunguke vyenyewe. Chini ya lesi hapakuwa na joto wala baridi. Palikuwa kama kushika jiwe lililo kivulini. Nikaomba, nikakemea kwa jina la Yesu kwa sauti. Haikusaidia, na sitasema Yesu alishindwa. Pengine ni kwa sababu nilikuwa nakemea huku bado namwekea vizuri shali lake mabegani. Ni kweli, nilikuwa namwekea vizuri shali!

Watalii walipita. Wengine walinitazama, mama mmoja akamvuta mtoto wake upande wa pili. Hapo ndipo nilipojua wananiona mimi peke yangu, nimekunja kiwiko, naongea na hewa.

Nikaangalia kule alikokwenda yule mwanamke. Hakuna mtu. Nikajiambia atarudi, amesema sasa hivi. Wewe unacheka? Mimi niliyelisema neno lile kila siku ya kazi, mimi nilimwamini! Jua likasogea. Kivuli cha mti kikatuacha, kikaenda kwenye benchi nyingine. Meli ilikuwa inaondoka alasiri, na haingoji mtu. Vipaza sauti vya meli vilikuwa vimerudia asubuhi yote: usiporudi kwa wakati unabaki. Lakini si kubaki San Juan nilikoogopa. Kuna ndege San Juan. Niliogopa kubaki pale kwenye benchi, na mkono ule kwenye kiwiko changu, nikimtazama kila mwanamke anayepita, nikiangalia mikono yake.

Na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeshaanza kufanya. Nilishtuka kujikuta. Alipita dada mmoja mnene, mwenye mikono imara, na mimi nikawaza: huyu ataweza.

Halafu nikasikia sauti ya Mama Kevo kutoka kwenye kona. "Wee! Sisi tunatafutana mji mzima, kumbe wewe umekunja kiwiko hapa kama bibi harusi! Kwani unangoja nani akutoe kanisani?"

Alikuja na mifuko yake, jasho likimtoka, anacheka. Akaniona uso. Kicheko kikaisha.

"Aki, una nini? Ni presha? Mbona umesimama hivyo kama umebeba kitu?"

Nikatikisa kichwa tu.

"Basi, basi. Usiongee." Akaweka mifuko chini, akafuta viganja kwenye gauni, akanyoosha mikono yote miwili. Mikono ya miaka na miaka ya kuinua watu. "Nipe huo mkono nikushikie. Lete, mama."

Na yule bibi akageuka. Tangu nimpokee alikuwa anatazama bahari. Sasa alimgeukia Mama Kevo, na vidole vyake vikaanza kulegea juu ya kiwiko changu. Kimoja, kisha kingine. Mkono wake ukainuka kidogo kuelekea kwa rafiki yangu.

Nieleze ukweli? Nilihisi raha. Uzito ulipoanza kutoka, mwili wangu wote ulisema ndiyo. Ningesema tu, "Nishikie kidogo." Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu.

Badala yake nikapiga kelele. "Usiniguse! Ondoka hapa!"

"Ati nini?"

"Nimesema ondoka! Kila mahali unanifuata kama mkia! Nimechoka na wewe! Ndiyo maana hata watoto wako hawakupigii simu!"

Hilo la watoto alikuwa ameniambia mwenyewe, jikoni kwangu, analia. Nililichagua kwa sababu nilijua litamsukuma, na lilimsukuma. Alirudisha mikono kifuani kama nimeichoma. Akaokota mifuko, kisumaku kimoja kikaanguka kikavunjika, hakukiokota.

"Sawa," akasema. "Sawa kabisa." Akateremka kuelekea melini bila kugeuka nyuma.

Vidole vikarudi kwenye kiwiko changu, vyote, na vikakaza kuliko mwanzo.

Hapo hasira ikanijia. Si hasira ya kahawa ya asubuhi. Hii ilitoka mbali, sijui niiite nini. Nilimkasirikia yule bibi kwa kushika. Nilimkasirikia yule mwanamke kwa kunidanganya, na hata nikimkasirikia nilijiuliza, angemwachia nani, kama si mimi? Sikuambiwa alikuwa mtumwa wake, kwa hivyo sitaapa. Lakini niliona alivyokimbia. Nilimkasirikia kila aliyepiga picha ukuta. Nilimkasirikia msimamizi wetu anayesema kwa simu, "Bakia kidogo tu, anakuja," na mimi nabaki, na mwanangu akakua akingoja mlangoni mpaka akajifunza kutoningoja. Maisha yangu yote yalikuwa yamejaa watu wanaorudi sasa hivi.

Bibi akaniita lile jina. Sikuitika.

Akaita tena, kwa sauti ndogo, ya woga. Nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza. Nataka nimtendee haki hata yeye. Macho yale nayajua. Ni ya mtu anayeogopa kuachwa na giza likaingia. Alikuwa ameambiwa "narudi sasa hivi" mara ngapi na watu wangapi, kila mmoja akiondoka kwa sauti tamu? Ningekuwa yeye, hata mimi ningeshika.

Basi nikachuchumaa mbele yake, na nikamwambia lile ambalo hatujawahi kumwambia mzee yeyote. Sikulisema kwa utamu. Nililisema kwa hasira, lakini polepole, ili alisikie.

"Hilo si jina langu. Mimi si wako. Naondoka, na sitarudi. Sikuja kwa sababu yako, na hakuna mtu anayekuja baada yangu. Unasikia? Sitarudi."

Alinitazama. Halafu vidole vikafunguka, vyote kwa mara moja, na akaweka mkono wake juu ya paja lake, vizuri, kama mtu aliyejibiwa swali lake.

Nilikimbia. Mama mzima na gauni la maua, kwenye mawe ya buluu, viatu vikiteleza. Nilifika melini wakati wanajiandaa kuondoa ngazi. Mlinzi wa pale chini akanitania kwamba mimi ndiye wa mwisho.

Ningependa kisa kiishie hapo. Meli ilitoka, na kila mtu akapanda sitahani kuuaga mji. Meli hupita karibu sana na ukuta ule ikielekea mlango wa bahari, karibu kiasi cha kuona nguo za watu. Nami nikapanda. Nilitaka kuona benchi ikiwa tupu.

Bibi alikuwa bado amekaa vilevile, nguo nyeusi, mkono pajani. Na kwenye ile njia ya kutoka langoni, anapanda polepole, alikuwa yule mwanamke wa kitambaa cheupe. Sketi yake ilikuwa nyeusi kwa maji mpaka kiunoni. Alikuwa amefika baharini! Alikuwa ameingia! Na sasa anarudi. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemfukuza. Aliahidi kwamba anarudi, basi alirudi. Akafika benchi, akainama, akaingiza mkono chini ya kwapa la bibi, na bibi akamshika.

Nilipiga kelele kutoka sitahani. "Mwambie hutarudi! Mwambie tu! Ataachia!" Kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kikuyu cha mama yangu. Honi ya meli ikalia, ikameza kila kitu. Watu wakasogea kando. Mama Kevo alikuwa amesimama upande ule mwingine wa sitaha. Aliniona, na hakuja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama Kevo nilimweleza yote baadaye, kwenye ndege ya kurudi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Labda ni kweli. Lakini lile la watoto ulilitoa wapi, kwa mzimu?" Tunasalimiana kanisani. Jikoni kwangu bado hajakanyaga. Siwezi kumwambia nilimwokoa, kwa sababu nikimwambia nilimwokoa lazima pia nimwambie jinsi nilivyotamani kumkabidhi.

Mkono wangu wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, una baridi ambayo sweta haiondoi. Daktari ameupima, hana alichoona. Kwa kawaida inakaa kimya. Inaamka simu ya msimamizi ikilia zamu yangu ikiwa inaisha. "Bakia kidogo tu, anakuja sasa hivi." Hapo vidole vyote navihisi, mpaka pete. Siku hizi namuuliza, anakuja nani? Jina lake? Ameshatoka nyumbani? Na kama hakuna jina, namwambia aje yeye mwenyewe, asimame hapa pembeni mwa kitanda, ampokee mzee mkononi mwangu. Mara ya kwanza alikata simu. Halafu alikuja, na koti lake la theluji bado mwilini. Hanipendi tena kama zamani, na nadhani ana haki yake.

Na lile neno sisemi tena. Mzee akinishika namwambia, "Mimi zamu yangu imeisha. Leo sirudi. Nitakuja kesho, na usiku huu atakuwa nawe fulani." Wengine hulia. Ni vigumu, sikufichi. Lakini huachia.

Sasa wewe. Ukienda mji ule, nenda, ni pazuri, kula, piga picha zako. Lakini ukifika kwenye kibaraza cha juu ya ukuta na paka wakaondoka, weka mikono yako mfukoni. Na kama ni lazima umpokee, kama mikono yako imezoea kama yangu, basi kabla yule mwanamke hajaondoka mshike yeye kwanza, hata kama ni sketi, na umwambie kwa niaba yangu. Si lazima aseme anarudi. Hakuna aliyewahi kumwambia. Nami nilipojua, nilikuwa tayari juu ya meli, nikienda zangu.